Kurasa Kumi Kabla Mashine Haijalala

Ninyi vijana mtakaosoma haya, na najua mtayasoma kwenye simu huku mmelala chali, kaeni kwanza. Jambo lenyewe ni la kompyuta, kwa hiyo mtadhani mnalijua. Hamlijui. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na miaka yote niliyoishi kambini na marehemu mume wangu, askari wa jeshi, kitu cha umeme nilichokiamini kilikuwa pasi peke yake. Lakini mwaka huu nimechapa masomo kumi kwa vidole hivi vyenye alama za moto wa sigiri, na nitawaeleza ilivyokuwa bila kupamba.

Ilianza na mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu nasi hapa Kisugu, mama mmoja mwenye sauti ya kengele. Alinikuta sokoni nikigombana na Mkongomani muuza vitenge. Yule bwana alikuwa amenikatia kitenge pungufu, nami nilikuwa namweleza hivyo kwa Kiswahili, taratibu, neno kwa neno, mpaka akaongeza. Mwalimu mkuu alisimama akasikiliza hadi mwisho kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Jaja," akaniuliza, kama bibi anavyoitwa hapa kwetu, "hicho Kiswahili ulikitoa wapi?"

"Kambini," nikamwambia. "Pamoja na mume na watoto watano."

Muelewe kwamba hapa Kampala, zamani ukizungumza Kiswahili barabarani watu walishika mikoba yao. Kilikuwa lugha ya askari, na askari hakuwa mtu wa kupendwa kila siku. Binti zangu walipokuwa wadogo walinikataza nisiwaite kwa Kiswahili mbele ya wenzao. Leo kinatakiwa mashuleni, na walimu wenyewe hawakijui.

"Natafuta mtu wa kuwafundisha walimu wangu alasiri," akasema. "Kuna kijana mwenye diploma ameshaomba. Lakini nawe nitakupima. Jumatatu ya wiki ya pili uniletee masomo kumi, kila somo ukurasa wake, yamechapwa. Na uyachape mwenyewe, kwa sababu shule yangu haina karani. Kompyuta unaijua?"

"Naijua," nikasema.

Sijazoea kusema uongo. Kwa hiyo ilibidi neno lile liwe kweli kabla ya Jumatatu.

Niliitaka kazi ile. Sikumwambia mtu jinsi nilivyoitaka. Maisha yangu yote lugha yangu ilikuwa ya kufukuza mbwa na kupunguza bei, na sasa mtu mzima mwenye shule yake anataka niisimamie mbele ya ubao. Nilitembea kwenda nyumbani nikajikuta nimepita geti langu.

Nyumbani naishi na wawili. Mwanangu wa mwisho ni mlinzi wa mlango katika jengo moja mjini, mtu wa miaka thelathini na kitu, ambaye huingia saa kumi jioni akiuliza chakula kabla ya kusalimu. Na mjukuu wangu, binti wa binti yangu mkubwa, hutengeneza simu na kompyuta. Nilipowaeleza, mwanangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, kompyuta si sufuria!"

"Nani amesema ni sufuria? Vua viatu, umenikanyagia mkeka."

Mjukuu hakucheka. Kesho yake alileta kompyuta ya kupakata ambayo ofisi fulani ilikuwa imeitupa. Diski yake ilikuwa imekufa, akaing'oa mbele yangu kama jino. Betri, akasema, inashika dakika ishirini tu. Kisha akatoa mfukoni flashi ndogo isiyozidi kidole gumba.

"Jaja, mfumo wote umo humu. Unaitwa Linux, lakini huu ni wa aina nyepesi, kwa mashine kuukuu kama hii. Ukichomeka flashi ukawasha, inaamka. Ndani ya kompyuta yenyewe hamna kitu. Kila unachofanya inakishika kichwani tu wakati iko macho. Ukiizima, inasahau yote, na kesho inaamka kama haijawahi kukuona."

"Haibaki hata alama?"

"Haibaki. Ila sasa, jaja, sikiliza, ukitaka..."

Hapo maharage yakaanza kuungua nikakimbilia jikoni. Aliendelea kueleza nyuma yangu, nami nikaitikia "ndiyo, ndiyo," kama mnavyoniitikia ninyi nikiwa naongea.

Nitasema ukweli, mashine ile niliipenda palepale. Sisi wake wa askari ndivyo tulivyoishi. Nyumba ilikuwa ya serikali. Chetu kilikuwa sanduku moja la bati. Barua ya uhamisho ikija leo, kesho sanduku liko juu ya lori, na keshokutwa nimelifungua mahali pengine, nimetandika, nimepika, ni nyumbani. Tukiondoka tunaacha chumba kama tulivyokikuta, hata msumari ukutani tunang'oa na tundu tunaziba kwa sabuni. Watu wa mjini hujaza vitu kila kona wakashindwa kufagia. Kompyuta inayofagiliwa kila jioni, nikasema, hii imelelewa vizuri.

Mjukuu akasafiri kwenda Jinja, kazi ya siku nyingi huko, kurudi Jumapili ya mwisho kabla ya Jumatatu yangu. Aliniachia flashi imefungwa kamba ili isipotee, na picha aliyochora ya kibonyezo cha kuwashia na cha kuzimia.

Siku ya kwanza nilikaa mezani asubuhi na daftari nililoandikia masomo yangu kwa kalamu. Salamu. Sokoni. Hospitalini. Juu ya bodaboda. Kuuliza njia. Kumkaripia mtoto. Kuomba radhi. Na mengine matatu. Nikatazama zile herufi. Ninyi mmezizoea, lakini niambieni ni nani aliyezipanga vile. Ile paredi haina sajini. A iko pembeni peke yake, M imejificha chini, na nilipoipata H nilikuwa nimeshasahau nilikuwa naandika neno gani. Mpaka adhuhuri nilikuwa na mistari minne. Niliichapa kwa kidole kimoja.

Jioni nikazima. Mashine ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, maneno mengi, na chini vibonyezo viwili. Kiingereza changu kinaishia kwenye "yes" na "no". Sasa sikilizeni. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alinijia na karatasi akitaka niweke dole gumba. Nikamwambia hapana. Akaja na nyingine, hapana. Wajane wenzangu waliokubali wamepanga vyumba mpaka leo, na mimi niko kwenye kiwanja changu. Tangu siku zile, nikiulizwa na mtu nisiyemjua jambo nisilolielewa, jibu langu ni moja. Nikabonyeza "no". Ikauliza tena. Nikabonyeza "no" tena, kwa nguvu zaidi, ili tuelewane.

Asubuhi nikaiwasha, na ukurasa ulikuwa mweupe. Sawasawa na nilivyoambiwa. Nikaanza upya.

Nadhani mmeshaanza kucheka. Subirini.

Mimi niliona hesabu yake ni rahisi. Mashine inasahau ikilala. Kwa hiyo masomo yote kumi lazima yachapwe ndani ya siku moja, yapigwe chapa kwenye karatasi kabla haijazimwa. Mtu anayechapa mistari minne kwa siku hawezi. Basi nilikuwa na siku kumi na moja za kujizoeza mpaka niweze. Mume wangu alipowafundisha makuruta kufungua bunduki na kuifunga, alikuwa hasemi mengi. Alisema, "Tena." Nami nikajiambia hivyo hivyo. Siku ya pili nilimaliza somo la Salamu. Siku ya nne, Salamu na Sokoni. Siku ya tano umeme uliondoka mchana nikiwa katikati ya Hospitalini, betri ikakata, nami nikasonya nikaenda kuchambua mchele. Uliporudi nikaanza tena na "Hujambo".

Mjukuu alikuwa anapiga simu kila jioni.

"Jaja, unaendelea?"

"Naendelea."

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Leo nimefika wa tatu."

"Lakini jaja, juzi uliniambia wa pili! Utamaliza lini?"

"Jumamosi."

"Zote?"

"Nimesema Jumamosi. Je, umekula?"

Ilipofika siku ya nane vidole vilikuwa vimeanza kutembea vyenyewe. Nilikuwa natazama dirishani, naona kuku wa jirani kwenye sukuma wiki yangu, namfokea, na mikono inaendelea. Daftari sikulifungua tena. Mwanangu alipita na sahani yake, akasimama nyuma yangu, akasahau kula. "Mama," akasema, "unapiga kama mvua kwenye mabati." Ni maneno ya kwanza mazuri niliyoyapata kutoka kwake tangu alipoanza kunyoa ndevu. Nikamwambia sahani iko upande, mchuzi unamwagika.

Jumamosi niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaoga, nikavaa gauni la kanisani. Saa kumi na mbili nilikuwa mezani. Saa saba mchana nikaweka nukta ya mwisho ya somo la kumi. Kurasa kumi, ziko ndani ya kichwa cha mashine iliyo macho, na duka la kuchapisha liko chini Namuwongo, karibu na reli. Mwenye duka ni Mkenya, jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye mdomo. Dakika ishirini za betri. Kwa mguu, kuteremka, ni robo saa nikikaza.

Nikachomoa waya wa umeme. Nikaibeba ile kompyuta ikiwa wazi, juu ya mikono miwili, kama sinia ya chakula cha wageni. Nikatoka.

Vijana wa bodaboda pale kwenye kona waliniona.

"Jaja, unaonyesha filamu gani?"

"Jaja, njoo nikupeleke!"

"Ili uirushe kwenye shimo? Toka njiani!"

"Wenzangu, mpisheni jaja, anatafuta mtandao!"

Wakanifuata nyuma wakipiga honi, wawili watatu, kama msafara wa harusi. Mama mmoja muuza maandazi alisogeza karai lake. Sikutazama chini, nilitazama kwenye kioo, ambako kulikuwa na picha ndogo ya betri inayopungua. Nilipovuka reli ilikuwa nyekundu. Nikakaza mwendo. Niliona kibao cha duka. Niliona jirani yangu mlangoni, mikono kiunoni, mdomo wazi. Nikaweka mguu kizingitini, na mashine ikazimika. Kioo cheusi, na uso wangu humo unatiririka jasho.

"Shosho!" jirani akapiga kelele, maana kwao Kenya bibi huitwa hivyo. "Ni nini? Ni moto?"

"Imelala," nikasema. "Kurasa kumi. Imesahau zote."

Alinikalisha. Akachomeka waya kwenye umeme wake, tukaiwasha. Flashi ikafanya kazi yake, mashine ikaamka safi, nyeupe, bila hata herufi. Jirani akashika kichwa. Alikuwa anajua habari ya Jumatatu, mtaa mzima ulikuwa unajua, mwanangu hawezi kunyamaza.

"Pole, shosho. Pole sana. Nitampigia simu yule mwalimu wako, tumwombe siku mbili..."

"Duka unafunga saa ngapi?"

"Saa moja. Kwani?"

"Niletee maji ya kunywa. Na hicho kiti ni kirefu, nipe kile."

Nikaanza. "Hujambo, mwalimu. Sijambo. Habari za kutwa?" Sikuwa na daftari, lilibaki nyumbani, na sikulihitaji. Mtu mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho alisimama kutazama. Akaja binti wa kuchapisha kadi za harusi, naye akasimama. Vijana wa boda walikuwa bado mlangoni, na mmoja wao akaanza kusoma kwa sauti kutoka kwenye kioo, neno moja nyuma yangu. Nilipofika Sokoni walikuwa wanasoma wawili, mmoja muuzaji, mwingine mnunuzi.

"Shosho," jirani akasema, "Kiswahili chenu cha kambini kina amri nyingi kuliko salamu."

"Na chenu cha Nairobi kimepoteza salamu na amri. Ongeza maji."

Somo la sita, Kumkaripia Mtoto, ndilo linalokwenda mbio kuliko yote, kwa sababu limo mwilini. "Nimekuambia mara ngapi? Umeosha miguu? Hiyo ndiyo sauti ya kumjibia mkubwa?" Duka zima lilikuwa linasema pamoja nami sasa, yule wa kitambulisho akimtishia yule wa kadi za harusi kwa kidole. Jirani alicheka mpaka akajifuta macho kwa karatasi ya kuchapishia. Nami, niliyeingia mle nikiwa nimeaga kazi yangu, nilisikia moyo umejaa kama chungu cha pombe siku ya tatu. Watu wa Kampala, hadharani, wanasema Kiswahili kwa raha, na hakuna aliyeshika mkoba wake.

Saa kumi na mbili kasorobo nikaweka nukta. Watu wakapiga makofi. Jirani akaleta flashi yake mwenyewe, akanakili kurasa zangu, akazitoa kwenye karatasi, za moto kama chapati. Nikazihesabu, nikazikunja kwenye khanga. Kisha nikabonyeza kuzima, na mashine ikauliza swali lake. Nikabonyeza "no".

"Ngoja!" jirani akanidaka mkono. "Shosho, ngoja! Umebonyeza nini?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kila jioni inauliza. Kila jioni naiambia hapana."

Ilikuwa inauliza mara ya pili. Jirani akainama, akasoma, akasimama wima.

"Shosho, unajua inakuuliza nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakataa."

"Inauliza kama ikuwekee kazi yako ndani ya flashi. Ili kesho uikute."

Mmoja wa vijana wa boda akasema polepole, "Jaja, umekuwa ukikataa siku ngapi?"

"Kumi na moja," nikasema. "Na leo."

Sitawaeleza kelele zilizofuata. Mmoja alitoka nje kucheka kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Mimi mwenyewe nilitaka kukasirika, nikatafuta wa kumkasirikia, nikamkosa, nikaanza kucheka mpaka mbavu zikauma. Jirani akabonyeza "yes" kwa niaba yangu, akanisindikiza nyumbani akiwa ameibeba mashine, na kila tulipopita watu alisimama akasimulia upya.

Mjukuu aliporudi Jumapili akasikia, alijitupa kwenye mkeka. "Jaja, nilikuambia! Nilikuambia siku ile ya maharage! Ungehifadhi, ungemaliza siku ya sita au ya saba!"

"Kwa kidole kimoja," nikamwambia.

Jumatatu tulikuwa wawili kwenye benchi la shule, mimi na kijana wa diploma. Mtoto mzuri, amenyoosha shati, alinipisha upande wenye kivuli. Kurasa zake zilikuwa na maua pembezoni. Mwalimu mkuu akasoma zake, akasoma zangu, akavua miwani.

"Nani amewachapia?"

Kijana alikuwa mkweli. Akasema alipeleka kwenye duka la kuchapisha.

"Na wewe, jaja?"

"Mimi."

"Wote husema hivyo."

"Huyu hakusema."

Mwalimu mkuu akaona haya kidogo, akageuza kompyuta yake ya ofisini upande wangu. "Basi chapa somo hili la sita. Hapa. Nikiona."

Nikazigeuza kurasa zangu kifudifudi juu ya meza ili asije akasema nanakili. Nikakaa. Nikapiga. Walimu wawili waliokuja kuchukua chaki wakabaki mlangoni, na nilipofika kwenye "Umeosha miguu?" mmoja wao akajibu bila kufikiri, "Ndiyo, mama." Mwalimu mkuu akacheka ile sauti yake ya kengele mpaka watoto uwanjani wakadhani ni mapumziko.

Nilipomaliza na kufunga, kompyuta yake nayo ikauliza swali. Nikasogeza kiti.

"Madamu, inauliza. Mashine ni yako, jibu wewe."

Alinipa kazi pale pale, kuanzia Jumatatu iliyofuata, saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja na nusu, siku tano kwa wiki. Kijana wa diploma alinipa mkono wa pongezi. Mwalimu mkuu alimwambia abaki, awafundishe Kiswahili watoto wa darasa la nne asubuhi, na getini kijana huyo aliniuliza kama ningeweza kumwonyesha vidole vinavyokaa juu ya herufi. Nikamwambia aje Alhamisi, na akate kucha.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Niliwangoja wote wawili wavue viatu, wakae. Mwanangu alikuwa ameshaanza kuchungulia jikoni, ambako hakukuwa na moto.

"Mama, tunakula nini?"

"Nimepata kazi," nikasema. "Mimi ni mwalimu wa walimu. Kuanzia Jumatatu ijayo, nikirudi kazini nataka kukuta meza imefutwa na chakula kimeiva. Wewe utapika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mwenzako siku zilizobaki. Mchele uoshwe mara mbili, kitunguu kisiungue, na mtu yeyote asiniulize chumvi iko wapi."